Sauti Inayotoboa Siri Mapema

Mwigizaji wa sauti Akira Ishida akifungua mdomo kwenye anime, yaani katuni za Kijapani, mimi naacha kumwamini mhusika wake papo hapo. Anaweza kuwa padri mpole, anaweza kuwa mwanafunzi mgeni aliyekaa dirishani na tabasamu lake, anaweza kuwa na mistari miwili tu sehemu nzima, nishamwekea alama. Huyu atatugeuka. Ikifika sehemu ya nane au ya tisa grupu la WhatsApp linajaa emoji za mshangao, na mimi nabaki kuuliza: kwani mlikuwa hamsikii?

Si utabiri, ni mazoea ya sikio. Mwaka 1996 Ishida aliigiza Xellos kwenye Slayers Next, kasisi anayetabasamu muda wote na kukwepa kila swali kwa kusema hiyo ni siri, kumbe si binadamu kabisa. Mwaka huohuo akasikika kama Kaworu Nagisa kwenye Neon Genesis Evangelion, kijana mwenye nywele za kijivu anayeingia sehemu ya 24, anampa Shinji, mhusika mkuu, upendo ambao hakuna mtu mwingine aliyewahi kumpa, na kabla sehemu haijaisha inajulikana kwamba adui ni yeye. Sehemu moja tu ilitosha. Tangu hapo mwongozaji anayetaka kijana mzuri mwenye ajenda ya siri anajua simu ya kupiga, na Ishida kwa miaka yote hii amekuwa akipokea.

Hayuko peke yake. Takehito Koyasu, hasa baada ya Dio wa JoJo mwaka 2012, akisikika tu tunajua mtu huyo anajipenda kuliko dunia nzima. Joji Nakata ana besi inayotoka chini ya ardhi: alikuwa Alucard kwenye Hellsing, alikuwa padri Kirei Kotomine kwenye hadithi za Fate, na baada ya Kirei padri yeyote mwenye sauti ile mimi simpi sadaka. Upande wa vijana yupo Yoshitsugu Matsuoka, aliyekuwa Kirito wa Sword Art Online mwaka 2012, halafu mwaka 2015 peke yake akawa Bell Cranel wa DanMachi na Soma Yukihira wa Food Wars. Ukiisikia sauti ile safi ya mvulana mwenye nia njema, usihangaike kuuliza steringi ni nani. Na steringi hafi.

Nina nadharia kwamba sisi wa huku tunayasikia mambo haya kwa ukali kuliko Wajapani wengi. Wengi wetu tunaangalia kwa sauti ya Kijapani na maandishi ya Kiingereza chini ya skrini, kisha tunabishana kwa Kiswahili. Maana ya maneno inapitia machoni. Kinachobaki masikioni ni sauti tupu: namna inavyopanda, inavyokatika, inavyovuta pumzi kabla ya tusi. Namfahamu jamaa asiyejua hata kuomba maji kwa Kijapani, lakini mweke chumba cha pili, fungua anime asiyoijua, na ndani ya sentensi moja atakupigia kelele ukutani: "Huyo si Kugimiya?" Ni yeye, mwigizaji nitakayemrudia mbele.

Kwenye mabanda ya video tulizoea kinyume cha haya. Lufufu kwa Tanzania, DJ Afro kwa Kenya: mtu mmoja anabeba filamu nzima, steringi, adui, mama yake steringi, hadi helikopta. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba sauti ya adui inafanana na ya mchumba. Sikio lilikuwa linafuata kisa na vichekesho vya msimuliaji. Anime imelifundisha sikio hilohilo kazi nyingine, ya kumtambua mtu kabla hajatambulishwa.

Sasa malalamiko yenyewe. Kila msimu mpya, yaani Januari, Aprili, Julai na Oktoba, utasikia wimbo uleule: anime za siku hizi zinafanana. Mvulana wa kawaida kagongwa na lori kaamkia dunia ya wachawi. Msichana mkali anayempenda na kumpiga. Msichana baridi asiyecheka. Rafiki wa utotoni ambaye tangu dakika ya kwanza unajua hatachaguliwa, maskini. Kiranja mkuu mwenye miwani. Na kila mmoja amepewa sauti ambayo ilishapewa mtu wa aina yake msimu uliopita, na uliotangulia huo.

Nakubaliana na nusu tu ya wimbo huo. Kurudia wahusika peke yake hakunisumbui, na sidhani kunapaswa kumsumbua mtu aliyelelewa na ngano. Bibi akisema "hapo zamani za kale palikuwa na fisi," hakuna mtoto aliyenyanyua mkono kuuliza kama fisi wa leo ni mlafi tena. Ulafi wa fisi ni mtaji wa hadithi. Usimuliaji mzuri ulikuwa ni kuona leo ulafi huo utamfikisha wapi. Japani nako jambo hili lilifanywa kwa uwazi zamani. Osamu Tezuka, mchoraji wa manga, yaani vitabu vya katuni, aliyeipeleka Astro Boy kwenye televisheni mwaka 1963, alikuwa na kundi la wahusika aliowatumia kama waigizaji wa kampuni yake. Mzee mwenye masharubu aitwaye Higeoyaji anatokea kitabu hiki akiwa mpelelezi, kile akiwa mwalimu. Kijana Rock anaanza kama shujaa mwema, na kadiri miaka inavyokwenda Tezuka anampa majukumu ya uovu, na msomaji aliyemjua akiwa mwema anaumia zaidi. Kumbukumbu ya msomaji ilikuwa sehemu ya mchoro.

Kilichobadilika baadaye ni mahali pa kuanzia. Mwaka 1998 duka la bidhaa za anime na michezo ya kompyuta liitwalo Gamers lilimtambulisha kikaragosi wake, Digiko. Hakuwa na hadithi. Alikuwa na masikio ya paka, kengele kubwa, nguo za mhudumu wa ndani, nywele kijani, na tabia ya kumalizia kila sentensi na "nyo". Vitu hivyo vyote vilikuwa tayari vinapendwa kila kimoja kwa nafasi yake, yeye alivikusanya. Hadithi ilikuja baadaye, kwa sababu watu walishamnunua. Mwanafalsafa Hiroki Azuma alimchambua Digiko mwaka 2001 akasema mashabiki wa sasa wanapenda vipande vilivyo kwenye ghala, na mhusika ni namna tu ya kuvipanga. Ukimsoma unaweza kumwona ana dharau kidogo. Lakini nenda kaangalie orodha ya anime za msimu wowote uniambie alikosea wapi.

Na sauti nayo iliingia ghalani. Hapo ndipo ninapotaka kukaa, na siwezi kukaa hapo bila Rie Kugimiya.

Mashabiki wa tsundere hawahitaji maelezo. Kwa wengine, tsundere ni msichana anayekutukana kwa sababu anakupenda na hajui la kufanya na mapenzi hayo. Kugimiya hakuanzia huko. Mwaka 2003 alikuwa Alphonse Elric kwenye Fullmetal Alchemist: sauti ya mtoto mpole inayotoka ndani ya deraya kubwa la chuma lisilo na mwili ndani. Kisha ikaja mfululizo. Mwaka 2005 akawa Shana, msichana mwenye upanga na mapenzi ya mkate wa meloni, maarufu kwa kumnyamazisha mtu kwa neno moja mara tatu: urusai, urusai, urusai. Mwaka 2006 akawa Louise, mchawi asiyeweza uchawi, anayemwita mvulana wake mbwa na kumchapa mjeledi. Mwaka 2007 akawa Nagi, binti tajiri mwenye hasira za karibu. Mwaka 2008 akawa Taiga wa Toradora! Shana, Louise na Taiga wote walitoka studio moja, J.C.Staff. Wote wafupi, wote wakali, wote na sauti ileile inayoanza juu na kupasuka katikati.

Japani mashabiki walibuni utani kwamba kuna ugonjwa wa Kugimiya, na una aina zake: S, L, N na T, kwa herufi za majina ya hao wasichana wanne. Mgonjwa anasikia kutukanwa na sauti ile na anataka kutukanwa tena. Ni utani mzuri. Pia ni maelezo sahihi ya biashara, kwamba bidhaa ni ileile na kinachobadilika ni nembo tu.

Lakini sikiliza Louise, halafu msikilize Taiga, usiangalie picha. Louise akikasirika sauti inapanda na kubaki huko juu. Hasira yake ni cheo, binti wa ukoo mkubwa anakumbusha watu nafasi zao. Taiga anaanza chini. Usiku wa mwanzo kabisa anaingia nyumbani kwa Ryuji, mwanafunzi mwenzake, na upanga wa mbao kumpiga, kwa sababu kimakosa ameiweka barua yake ya mapenzi kwenye begi la Ryuji. Fujo lote lile, mara anaanguka kwa njaa. Ryuji anampikia wali wa kukaanga. Na bahasha ile ya mapenzi, ikija kufunguliwa, haina kitu. Alisahau kuweka barua. Kugimiya anaicheza aibu hiyo kwa sauti ya mtu anayenguruma kwa sababu nyumbani kwake hakuna mtu wa kumpikia. Ukali wa Taiga una sababu ndani ya nyumba, na sababu hiyo unaisikia kabla mwandishi hajakuonyesha.

Halafu sehemu ya 19, usiku wa Krismasi. Taiga amemsukuma Ryuji aende kwa msichana mwingine, kwa moyo mweupe kabisa, ameachwa peke yake kwenye nyumba yake kubwa. Ndipo anaelewa alichokifanya. Anatoka mbio barabarani bila viatu, analia, anaita jina la Ryuji. Hakuna tusi, hakuna mbwembwe. Ile sauti ambayo tumeizoea kwa miaka mitatu ya wasichana wakali, iliyojengwa juu ya kukataa, inaita tu. Mtu aliyeanza na Toradora! anasikia msichana anayelia. Mtu aliyepitia Shana, Louise na Nagi anasikia ngome inavunjwa kwa ndani. Mwaka 2009 Kugimiya alipewa tuzo ya mwigizaji mkuu bora wa kike kwenye Seiyu Awards, tuzo za waigizaji wa sauti wa Japani, kwa Taiga, na kama kuna haki kwenye mambo haya, ile barabara peke yake ilitosha.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Aina ya mhusika haina kosa, na mwigizaji anayerudia aina hana kosa. Kosa ni pale sauti inapoajiriwa ili mtu asiandikwe. Baada ya Taiga walikuja wafupi wakali wengi waliopewa sauti ile au sauti inayofanana nayo, bila njaa, bila bahasha tupu, bila nyumba isiyo na mtu. Mwandishi aliandika "anakasirika, anaona haya," akaachia koo la mtu mwingine limalizie kazi.

Jambo hili halitokei kwa sababu watu ni wavivu, au siyo hilo tu. Angalia kazi inavyofanyika. Japani sauti hurekodiwa waigizaji wakitazama picha, na mara nyingi picha zenyewe hazijaisha. Kwenye skrini kunaweza kuwa na michoro ya penseli tu, wakati mwingine mistari ya rangi inayowaka na kuzima kuonyesha ni zamu ya nani kusema. Waigizaji wamekaa kwenye viti kando ya ukuta, vipaza sauti viko vitatu au vinne mbele. Zamu yako ikifika unasogea na karatasi zako, unasema, unarudi nyuma bila nguo kuchakarika, unafungua ukurasa bila mlio. Sehemu ya dakika 24 inamalizwa kwa saa chache. Janga la Uviko-19 lilipoingia mwaka 2020 wakalazimika kurekodi kwa vikundi vidogo, wengine hata hawaonani na mtu wanayegombana naye kwenye hadithi. Katika hali hiyo, ukimwambia mwigizaji "nipe tsundere," anakupa. Ukimwambia "huyu msichana anaogopa jioni kwa sababu baba yake hapigi simu," unahitaji muda, na muda ndio ambao haupo. Anayechagua sauti, mwongozaji wa sauti, ana wahusika kumi wa kujaza na ofisi za wasanii zimemtumia rekodi za usaili kwa lundo. Anajua Fulani akipewa hiki hatakosea.

Na kuna wenye hela. Anime nyingi hulipiwa na kamati ya uzalishaji: mchapishaji wa manga au riwaya, kampuni ya muziki, kituo cha televisheni, mtengenezaji wa vinyago, kila mmoja na fungu lake. Kampuni ya muziki inataka mwigizaji anayeweza kuimba wimbo wa mwanzo na kujaza ukumbi. Mchapishaji anataka sauti ambayo msomaji tayari anaisikia kichwani akisoma. Hakuna kwenye meza ile anayefaidika na sauti inayoshangaza.

Mwigizaji mwenyewe naye hesabu zake zinamwambia asikatae. Kwa viwango vya chama cha waigizaji, chipukizi wa daraja la chini analipwa yeni 15,000 kwa sehemu moja ya nusu saa, awe na mstari mmoja au mia. Msimu wa kawaida ni sehemu 12. Piga hesabu, toa fungu la ofisi inayomsimamia, toa kodi ya nyumba ya Tokyo, utaelewa kwa nini wengi wanafanya kazi kwenye maduka ya usiku huku wanasubiri simu. Simu ikija ikasema "tunataka ileile uliyofanya mwaka jana," nani atajibu kwamba yeye ni msanii na anataka kukua?

Mwongozaji wa filamu za katuni Hayao Miyazaki alijaribu kukimbia mtego huu kwa njia yake: kwa wahusika wakuu wa filamu zake za baadaye amekuwa akipendelea waigizaji wa filamu za kawaida na watu wasio wa fani ya sauti. Mwaka 2013, kwenye The Wind Rises, mhandisi Jiro alipewa Hideaki Anno, mwongozaji wa Evangelion, mtu ambaye uigizaji haukuwa fani yake. Matokeo ni sauti kavu, ya kunung'unika kidogo, isiyo na ghala nyuma yake. Wako wanaoipenda. Mimi kwa dakika 20 za mwanzo niliona nasikiliza mhasibu akisoma risiti, baadaye nikaizoea. Kinachonichekesha ni kwamba mtu aliyekimbiliwa ili kukwepa sauti za kuzoeleka ndiye aliyetupa Rei Ayanami wa Evangelion, mama wa wasichana wote baridi wa anime.

Rei mwenyewe ana funzo lake. Megumi Hayashibara alimwigiza kuanzia Oktoba 1995, sauti iliyolala chini, isiyopanda kwa lolote. Mwaka huohuo mwanamke huyohuyo alikuwa Lina Inverse wa Slayers, mlafi, mpenda pesa, anayelipua kijiji kwa hasira. Aliyemsikia Lina asubuhi asingemtambua Rei jioni. Lakini soko lilichokitaka ni Rei wengine. Miaka michache mbele kila anime ya shule ilikuwa na msichana mmoja wa nywele fupi asiyeonyesha hisia, na ukimya ule ambao kwa Rei ulikuwa jeraha la mtu asiyejua kama ana haki ya kuishi, ukageuka kuwa pambo.

Ninaowaheshimu zaidi ni wale wanaoyajua mazoea yetu na kuyatumia dhidi yetu. Mfano bora ninaoujua unatoka kwenye mchezo wa kompyuta. Nobuyo Oyama alikuwa sauti ya Doraemon, yule paka roboti wa bluu, kuanzia 1979 hadi 2005. Vizazi vya watoto wa Japani vilikula chakula cha jioni vikimsikiliza. Mwaka 2010 ukatoka Danganronpa, ambako wanafunzi wanafungiwa shuleni na kulazimishwa kuuana, na anayewalazimisha ni dubu mdogo, nusu mweupe nusu mweusi, anayeitwa Monokuma. Wakampa Oyama. Yuleyule, na ukwaruzo wake uleule wa upole. Anime ilipofuata mwaka 2013 akarudi. Fikiria umekua na sauti iliyokuwa inakutolea vifaa vya ajabu mfukoni, leo inakutangazia kwa furaha kwamba mwenzako atauawa mbele yako. Hakuna mwigizaji wa kutisha ambaye angeweza kutisha hivyo. Na mwaka 2016 ilipobidi kumpata mwingine, walimchukua TARAKO, sauti ya Chibi Maruko-chan, mtoto mwingine wa televisheni ya familia. Sidhani walikuwa wanatafuta koo linalofanana. Walikuwa wanatafuta utoto wa watu.

Wako wengine. Ai Kayano alijulikana mwaka 2011 kama Menma wa Anohana, roho ya mtoto aliyekufa, sauti laini ya kukuliza. KonoSuba ikaja mwaka 2016 ikampa Darkness, askari mrembo mwenye heshima zake ambaye upanga wake haupigi chochote na anayefurahia kupigwa yeye. Ulaini uleule, sasa unasema mambo ya aibu. Matsuoka tuliyemfungia kwenye sanduku la mvulana safi, mwaka 2019 alitoka akiwa Inosuke wa Demon Slayer, mwenye kichwa cha nguruwe mwitu, anayenguruma. Kichwa kile kikivuliwa ndani kuna sura nzuri ya kike, na ndiyo sura ambayo kwa kawaida ingepewa sauti ya Kirito. Bado ananguruma. Mimi nilirudisha nyuma mara kadhaa kwa kucheka.

Halafu Atsumi Tanezaki. Mwaka 2022 alikuwa Anya wa Spy x Family, mtoto anayesoma mawazo ya watu na kuropoka. Mwaka 2023 akawa Frieren, mchawi aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja. Frieren kwa nje ni Rei tena: taratibu, bapa, hapandi hashuki. Nilipoanza sehemu ya kwanza nikajisemea hapa wametuletea nyingine. Himmel, shujaa aliyesafiri naye miaka kumi, anazeeka na kufa wakati yeye hajabadilika hata unywele. Kwenye mazishi watu wananong'ona kwamba hata machozi hana. Kisha anasema kwamba hakumjua mtu huyu, kwamba ilikuwa miaka kumi tu, na sauti inamsaliti katikati ya sentensi. Tanezaki haipandishi. Anaiacha ikosane na yenyewe. Ubaridi ule uliokuwa pambo unapata sababu upya: kwa mtu wa miaka elfu, kumi ni kama wiki, na amechelewa kugundua kwamba kwa mwenzake ilikuwa maisha. Aina ni ileile ya 1995. Safari hii mtu aliandika kilichomo.

Tofauti hiyo, kati ya sauti na kilichomo, imeanza kuandikwa kwenye mikataba. Oktoba 2024 waigizaji wa sauti 26 wa Japani walijitokeza hadharani kupinga akili unde kutengeneza sauti zao bila ruhusa. Mitandaoni kulikuwa kumejaa nyimbo na maneno ambayo hawakuwahi kuyatamka. Mwezi huohuo Aoni Production, moja ya ofisi kubwa za waigizaji hao, ilitangaza kushirikiana na kampuni ya CoeFont kutengeneza sauti za mashine za baadhi ya wasanii wake, kwa ridhaa yao. Zitumike kwenye maelekezo ya njia, visaidizi vya sauti, vifaa vya hospitali. Uigizaji umetengwa. Mmoja wa waliotoa sauti zao ni Masako Nozawa, aliyezaliwa 1936, ambaye amekuwa Goku, shujaa wa Dragon Ball, tangu 1986, na pia Gohan, na Goten, na Bardock baba yake Goku, kiasi kwamba ukoo ule ukikaa kula unakuwa mwanamke mmoja anajibizana mwenyewe. Hakuna mtu duniani aliyefungwa na aina moja kwa muda mrefu zaidi ninayemfahamu, na hakuna sauti ambayo mashine ina mifano mingi zaidi ya kujifunzia.

Mwezi huohuo tena ikaanza Dragon Ball Daima, ambamo Goku amegeuzwa mtoto. Nozawa anamwigiza mkubwa na mdogo. Niliisikiliza sehemu ya kwanza kwa sikio la upelelezi, nikitafuta uzee. Upo, kwenye vilio virefu vya vita, pumzi inaisha mapema kuliko zamani. Lakini Goku mdogo akishangaa mikono yake imekuwa mifupi, anatoa mguno mmoja wa "hee" ambao haumo kwenye Goku yeyote wa miaka 38 iliyotangulia, na mimi ninawakumbuka karibu wote.